Shauri la Kodi na Bima kwa Watu wa Kutus

Kutus ni mji uliokaa mahali pa kukutania. Upande wa chini ni mashamba ya mpunga ya Mwea. Upande wa juu nchi yapanda kuelekea Mlima Kenya, na huko kuna mibuni na michai. Katikati pana maduka, soko, afisi za serikali ya kaunti ya Kirinyaga, na Chuo Kikuu cha Kirinyaga, ambacho kimewafanya watu wengi wajenge vyumba vya kupangisha wanafunzi. Kwa hiyo si ajabu kumwona mtu mmoja wa hapa ambaye ana mshahara wa ukarani au ualimu, ana eka moja ya kahawa aliyoachiwa na baba yake, na ana vyumba sita nyuma ya nyumba yake. Watu humwita tajiri. Yeye mwenyewe, mwisho wa mwezi ukifika, hajui fedha zake zimekwenda wapi.

Wazee wetu hawakuwa na shida ya namna hii. Kodi ya nyumba ilipowekwa katika nchi hii mwaka 1901, hesabu yake ilikuwa nyepesi: nyumba zilihesabiwa, na kila nyumba ilikuwa na kodi yake kwa rupia. Hata hivyo watu hawakukosa werevu. Sehemu nyingi walijibana wengi katika nyumba moja ili hesabu ipungue, na nadhani huo ndio upangaji wa kodi wa kwanza tulioujua. Mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa kwa wanaume wasiolipa ile ya nyumba, na werevu ule haukufaa tena. Leo kodi haihesabu nyumba wala vichwa. Yahesabu mapato, na kila namna ya mapato ina sheria yake. Basi yule bwana mwenye mshahara, kahawa na vyumba ana sheria tatu za kujua, na juu yake wakala wa bima aja mlangoni kumwambia kwamba bima itampunguzia kodi.

Juu ya neno hilo la mwisho wasomaji wataniwia radhi nikianza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2019 nilikata bima ya elimu kwa ajili ya mtoto wangu wa kwanza. Ilikuwa ya miaka 10, na malipo yake shilingi 7,000 kila mwezi. Wakala alikuwa kijana mpole, mwenye kalamu nzuri, akanionyesha kwamba serikali hunirudishia asilimia 15 ya malipo yangu kwa kuipunguza kodi ya mshahara wangu. Asilimia 15 ya shilingi 7,000 ni shilingi 1,050. Nilifurahi sana. Niliona kwamba nimepata njia ya kuila kodi badala ya kuliwa nayo, tena nikawasimulia wenzangu afisini.

Wakati ule ule mama yangu, ambaye ana kahawa yake upande wa juu, alikuwa hajalipa ile bima ya hospitali ya taifa kwa muda mrefu. Kwa mtu asiye na mwajiri ilikuwa shilingi 500 kwa mwezi. Nilikuwa nikimwambia, "Mama, nitakulipia mwezi ujao." Naye alinijibu, "Haya mwanangu, wewe lipa ya mtoto kwanza." Basi nililipa ya mtoto.

Mwaka 2022 mama aliugua, akapasuliwa, akalazwa majuma matatu. Kadi yake ilikuwa imekufa. Tulichanga ndugu wote, tukauza ng'ombe mmoja, na bado deni likabaki. Ndipo nikaenda kuivunja ile bima ya elimu. Nilikuwa nimelipa miezi 36, yaani shilingi 252,000. Nikaambiwa kwamba nitapewa shilingi 98,000 tu, kwa sababu katika miaka ya kwanza sehemu kubwa ya malipo huenda katika ujira wa wakala na gharama za kampuni. Isitoshe, sheria ya kodi ya mapato yasema kwamba mtu akiivunja bima kabla ya wakati wake, nafuu yote aliyopewa hurudishwa. Ile shilingi 1,050 mara 36 ni shilingi 37,800. Zikanibakia mkononi shilingi 60,200.

Sisemi kwamba nilidanganywa. Maneno yote hayo yalikuwamo katika hati, ukurasa wa ndani, nami sikuusoma. Nilipokwisha kuivunja ndipo nikajua pia kwamba palikuwa na njia nyingine mbili: ningeweza kuomba mkopo juu ya thamani ya ile hati, au kuomba isimamishwe, nisilipe tena, na fedha chache zilizomo zikae hata mwaka wa 10. Mtu aliyebanwa na hospitali hana nafasi ya kuuliza maswali kama hayo, kwa hiyo yafaa ayaulize siku ile anapotia sahihi.

HESABU YA MSHAHARA

Sasa tuitazame hiyo nafuu ya kodi, tuone ina uzito gani. Tuseme mwalimu alipokea shilingi 60,000 kwa mwezi katika mwaka 2025. Kwanza alikatwa michango mitatu: ya Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, asilimia 6, ambayo ni shilingi 3,600, ya bima ya afya ya jamii, asilimia 2.75, shilingi 1,650. Na ya ujenzi wa nyumba, asilimia 1.5, shilingi 900. Jumla ni shilingi 6,150. Tangu mwisho wa Desemba 2024 michango hii yote hutolewa kwanza, kisha kodi ikahesabiwa juu ya kilichosalia, nacho ni shilingi 53,850.

Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, ndiyo shilingi 2,400. Shilingi 8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25, ndiyo shilingi 2,083. Zilizobaki, shilingi 21,517, hutozwa asilimia 30, ndiyo shilingi 6,455. Jumla ni shilingi 10,938. Halafu kila mlipa kodi husamehewa shilingi 2,400 kwa mwezi, hivyo mwalimu wetu alidaiwa shilingi 8,538.

Mwalimu huyu akiwa na shilingi 1,000 za kuweka kila mwezi, akizitia katika bima ya maisha, ya afya au ya elimu, kodi yake yapungua kwa shilingi 150. Akizitia katika mfuko wa pensheni ulioandikishwa, kodi yake yapungua kwa shilingi 300, maana fedha za pensheni hutolewa kabla ya kodi kuhesabiwa, nazo zilikuwa katika lile fungu la asilimia 30. Mpaka wa pensheni, pamoja na ile ya NSSF, ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Mpaka wa nafuu ya bima ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Tena pensheni ya mtu aliyefikia umri wa kustaafu haitozwi kodi tangu sheria ile ya Desemba 2024. Basi ikiwa mtu atafuta kupunguza kodi na hana nia nyingine, wakala wangu alinipeleka penye faida ndogo. Hakunitajia pensheni hata mara moja, wala mimi sikuuliza.

Lakini pensheni ni kisima chenye kifuniko kizito. Fedha zake haziwezi kumtibu mama mwaka ujao. Na kwa mtu ambaye mshahara wake, baada ya michango ile, hauzidi shilingi 24,000, maneno haya yote ya nafuu hayamhusu, kwa sababu hana kodi ya kupunguzwa. Wakala akimsifia nafuu ya kodi, amsifia mvua iliyonyesha nchi nyingine.

Kwa wenye mishahara liko jambo moja jema. Tangu Julai 1, 2025, sheria yamtaka mwajiri ahesabu nafuu zote za mfanyakazi wake katika mshahara wa kila mwezi, asimwachie aje kuzidai mwisho wa mwaka. Lakini mwajiri hawezi kuhesabu asichokijua. Peleka cheti cha bima kwa karani wa mishahara; nasema hivi kwa kuwa nimekaa katika afisi ya namna hiyo, na vyeti huletwa mwezi wa Juni vikiwa vimekunjwa mara nne.

VYUMBA NA DUKA

Katika jambo la vyumba vya kupangisha watu wengi wa Kutus hupotea, na sheria yenyewe ina mkunjo wa ajabu kidogo. Mwenye kupokea kodi ya nyumba za kukaa watu kati ya shilingi 288,000 na shilingi milioni 15 kwa mwaka hulipa asilimia 7.5 ya fedha zote azipokeazo, bila kutoa gharama, nayo hulipwa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kiwango hiki kilianza Januari 2024. Kabla ya hapo kilikuwa asilimia 10. Aliye chini ya shilingi 288,000 hayumo katika mpango huo. Wengi hufikiri kwamba maana yake hana kodi. Sivyo. Maana yake ni kwamba fedha hizo huandikwa katika taarifa yake ya mwaka pamoja na mapato yake mengine.

Mwalimu wetu akiwa na vyumba sita vya shilingi 3,500, apata shilingi 252,000 kwa mwaka. Akitoa gharama zake halali, tuseme shilingi 60,000, zabaki shilingi 192,000. Hizo zajumlishwa na mshahara wake ambao umekwisha kufika fungu la asilimia 30, hivyo kodi yake ni shilingi 57,600. Jirani yake mwenye vyumba saba vya bei ile ile apata shilingi 294,000, aingia katika mpango wa asilimia 7.5, alipa shilingi 22,050. Mwenye vyumba vingi zaidi alipa kodi ndogo zaidi. Nimeirudia hesabu hii mara tatu nikidhani nimekosea. Mtu anayejenga sasa, na ambaye bado hajaamua kama ataongeza chumba cha saba, yafaa aijue kabla fundi hajaondoka.

Biashara nayo ina mkunjo wake. Mwenye duka ambaye mauzo yake kwa mwaka yazidi shilingi milioni 1 na hayazidi milioni 25 hutozwa asilimia 3 ya mauzo, apate faida asipate. Mfikirie mwenye duka la mbolea na mbegu anayeuza shilingi 200,000 kwa mwezi. Atalipa shilingi 6,000 kila mwezi, shilingi 72,000 kwa mwaka. Lakini biashara ya mbolea ina faida nyembamba. Huenda katika hizo 200,000 kilicho chake ni shilingi 18,000 tu, yaani shilingi 216,000 kwa mwaka. Theluthi nzima ya faida yake imekwenda.

Sheria humruhusu mtu huyo kumwandikia Kamishna wa kodi kwamba achagua kutozwa kwa njia ya kawaida, juu ya faida. Kwa njia hiyo, ikiwa hana mapato mengine, faida ya shilingi 216,000 haimletei kodi yoyote, kwa kuwa faida isiyozidi shilingi 288,000 kwa mwaka humezwa yote na ule msamaha wa kila mtu. Ila lazima aweze kuonyesha faida hiyo: daftari la mauzo, daftari la manunuzi, na stakabadhi. Mwenye duka asiyeandika hana hiari ya kuchagua. Daftari la shilingi 100 laweza kumwokolea shilingi 72,000, na bado maduka ya mjini kwetu yenye daftari la madeni ya wateja ni mengi kuliko yenye daftari la manunuzi.

Mkulima wa kahawa au mpunga hali yake ni nyepesi kidogo katika kodi. Faida ya shamba ni mapato kama mapato mengine, gharama za dawa, mbolea, maji na vibarua hutolewa, na kwa wakulima wengi wa eka moja au mbili kinachobaki, kama shamba ndilo pato lao lote, hakifiki shilingi 288,000. Hata hivyo aliyeandikishwa kodi ya mapato na mwenye namba ya PIN hutakiwa kupeleka taarifa yake kabla ya mwisho wa Juni, hata kama hadaiwi. Asiyepeleka hutozwa faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, kubwa katika hizo mbili. Wengi walichukua PIN ili wafungue akaunti ya benki au waandikishe pikipiki, wakaisahau. Faini haisahau. Asiyejua mtandao aweza kusaidiwa katika Kituo cha Huduma kilichoko Kerugoya.

BIMA IPI KWANZA

Mkulima, basi, hana haja ya kukata bima kwa sababu ya kodi. Haja yake ni nyingine. Fedha za kahawa haziji kila mwezi, na ugonjwa haungojei malipo ya chama.

Ile bima ya hospitali ya zamani, iliyoanza mwaka 1966, ilikwisha, na tangu Oktoba 1, 2024 kazi yake imeshikwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo watu huiita SHA. Mtu asiye na mwajiri hukadiriwa mapato ya nyumba yake kwa maswali, kisha hutakiwa kulipa asilimia 2.75, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi, na malipo yake ni ya mwaka mzima kwa pamoja. Huu mwaka mzima umewalemea wengi, na malalamiko yao nayasikia kila siku. Pamewekwa mpango wa kukopeshwa na kulipa kidogo kidogo. Matibabu ya zahanati na kituo cha afya hayadai mchango. Kulazwa na kupasuliwa katika hospitali kubwa kwadai. Mkulima afanye mara moja katika mwaka: siku ya malipo ya kahawa, au siku mpunga unapouzwa, alipe kwanza hiyo, kabla ya mabati na kabla ya karo. Tena ahakikishe mkewe na watoto wameandikwa chini ya jina lake, maana wako wanaolipa na jina la mtoto halimo.

Baada ya hapo naweka akiba ya fedha zinazoshikika, katika chama cha akiba na mikopo au penginepo, kiasi cha matumizi ya miezi mitatu. Hiyo si bima, lakini ndiyo huzuia bima nyingine zisivunjwe. Halafu bima ya maisha ya muda, ile isiyorudisha kitu kama mtu hakufa. Watu huichukia kwa sababu hiyo, husema ni fedha za bure. Mimi nimekuja kuipenda, kwa kuwa malipo yake ni madogo, na mtu wa miaka thelathini na kitu mwenye watoto wadogo na deni la vyumba aweza kuwaachia watu wake fedha za kulimaliza. Kwanza aulize chama chake, maana vyama vingi hukata bima ya mikopo, na mwanachama akifa deni hufa naye. Bima ya elimu naiweka mwisho, kwa mwenye uhakika wa kulipa miaka yote 10. Akishindwa mwezi mmoja, kwa kawaida hupewa siku 30.

Juu ya bima ya mazao nitasema machache. Mwaka 2009, upande wa Laikipia, ilijaribiwa bima ya mvua kwa wakulima wadogo, ambao walilipwa kwa simu vipimo vya mvua vilipoonyesha ukame. Mwaka 2016 serikali ilianza bima ya mazao katika sehemu chache, jirani zetu wa Embu wakiwamo, ambayo hupima mavuno ya eneo zima. Ni mipango mizuri, lakini mkulima ajue kwamba hulipwa kwa kipimo cha eneo. Shamba lako likifurika peke yako na majirani wakavuna vizuri, huenda usipate kitu.

KARATASI

Liko jambo la mwisho ambalo halina gharama. Bima ya maisha, NSSF na pensheni zote hutaka mtu ataje nani atakayepewa fedha akifa. Asipotaja, jamaa zake huweza kufika mahakamani kutafuta hati ya urithi kabla ya kupata chochote, na wakati huo watoto wanataka kula. Wengine hata hawajui kwamba marehemu alikuwa na bima. Fedha zilizokaa muda mrefu bila kudaiwa hupelekwa kwa mamlaka ya serikali ya mali zisizodaiwa, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2011, na wenyewe huweza kuzidai huko. Lakini hudaiwa na mtu anayejua kwamba zipo.

Jumapili moja, baada ya kanisa, niliketi na mke wangu tukafungua sanduku la bati ambamo naweka karatasi zangu. Nilitaka kumwonyesha kila kitu: namba ya PIN, cheti cha bima mpya ya muda, kadi ya chama, karatasi za pensheni. Yeye ndiye aliyesoma fomu ya pensheni kwa makini, maana mimi nilidhani naijua. Nilikuwa nimeijaza mwaka niliopoandikwa kazi, kabla ya kuoa. Katika nafasi ya mrithi palikuwa na jina la baba yangu, naye amekufa miaka sita iliyopita. Mke wangu hakusema neno. Aliigeuza ile karatasi, akaiweka juu ya meza mbele yangu, akaenda jikoni kutia chai. Jumatatu asubuhi, kabla sijafungua faili hata moja, nilikwenda kuchukua fomu nyingine.